Maganda ya mgomba, ukili, lubugo au majani makavu: ulivike nini jalada la kitabu ulichoshona mwenyewe?

Kurasa zimeshonwa, mgongo umekaa sawa, kadibodi imekatwa. Kilichobaki ni jalada tupu mezani, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Karatasi ya maua ya dukani inachosha macho, kitenge kila mtu keshakitumia, na nje kuna mgomba uliokwisha kuzaa ukiwa umening'iniza maganda makavu yasiyo na kazi. Jirani anasuka mikeka. Rafiki karudi kutoka Kampala na kipande cha kitambaa cha gome la mti. Uchukue kipi?

Nalinganisha hapa vitu vinne ambavyo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuvipata bila kuagiza ng'ambo: maganda ya mgomba, ukili, yaani utepe unaoshonewa mikeka, lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na majani au maua yaliyobanwa yakakauka. Ngozi nimeiacha makusudi. Ile ni fani inayojitegemea, na mwambao una wenyewe wa tangu zamani: Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa kazi za ngozi na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono katika karne ya 19. Anayetaka jalada la ngozi akakae na fundi wa ngozi.

Vya kupima kabla ya kuchagua

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni mwendo wa jalada. Kitabu hakitundikwi ukutani kikatulia. Kinafunguliwa, kinafungwa, kinasukumwa mkobani. Mzigo wote huo unaangukia kwenye bawaba, ile nafasi ya milimita 7 au 8 unayoiacha kati ya kadibodi na mgongo. Kuna vitu vinavyopendeza sana vikiwa vimelala bapa, lakini ukivikunja mara chache tu vinapasuka. Ukichagua kwa macho peke yake, bawaba itakuumbua.

Cha pili ni maji ya gundi. Chochote unachokibandika kwa gundi yenye maji hulowa kikatanuka, kisha kikikauka husinyaa na kuivuta kadibodi hadi ipinde. Ndiyo sababu upande wa ndani wa jalada nao hubandikwa karatasi, ivute kinyume, na kitabu kikalazwa chini ya uzito mpaka kikauke kabisa, si mpaka kionekane kimekauka. Vitu hivi vinne havivuti kwa nguvu sawa.

Cha tatu ni mahali kitabu kitakapoishi. Unyevunyevu wa Tanga au Unguja wakati wa masika si hewa ya Dodoma. Kuvu, mende na jua la dirishani kila kimoja kina kitu chake kinachokipenda.

Halafu kuna kazi ya kuandaa, ambayo watu huisahau hadi wameshajiingiza, na mwisho kuna maana: atakayekipokea kitabu atakiona nini anapokitazama. Kwa lubugo hasa, suala hili si dogo.

Neno moja kuhusu gundi, kwa kuwa nitaitaja kila mahali. Kuna mbili za kawaida. Gundi nyeupe ya mbao hubaki na ulaini ikikauka, lakini hushika haraka na haikupi muda wa kusogeza. Gundi ya uji wa unga wa ngano au muhogo inakupa muda wa kusogeza na kunyoosha utakavyo, ila mende wanaipenda kama wewe unavyopenda chapati. Nikisema gundi tu, namaanisha ile nyeupe.

Maganda ya mgomba

*Kupata na kuandaa.* Hakuna cha rahisi zaidi kwa mtu asiye na mtaji. Mgomba ukishazaa mkungu wake mmoja hukatwa, na maganda ya nje ya shina mara nyingi yameshajikaukia yenyewe. Rangi zake ni nyingi kuliko unavyodhani: rangi ya maziwa, hudhurungi, kahawia inayokaribia wekundu, na michirizi karibu nyeusi. Usichukue mabichi, kwani utomvu wake ukikaukia kwenye nguo hautoki. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, pasua ganda kwa urefu, kisha ligeuze. Upande wa nje ni laini na unang'aa. Upande wa ndani una vijumba vya hewa, vinavyobonyea ukivigusa. Vikwangue kwa kisu butu, polepole, hadi ubaki na ngozi nyembamba ya juu, kisha piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa ili inyooke. Kazi hii ya kukwangua ndiyo inayotenganisha jalada safi na lile lenye manundu.

*Gundi na mkunjo.* Nyuzi za ganda zimepita kwa urefu, na kati ya uzi na uzi hakuna nguvu. Ukikunja kwa kukatiza nyuzi, zinavumilia. Ukikunja sambamba nazo, ganda linachanika. Sasa angalia tatizo lake: ili kadibodi isipinde vibaya, nyuzi zinatakiwa zielekee sawa na mgongo, juu kwenda chini. Lakini hivyo ndivyo bawaba nayo ilivyoelekea, kwa hiyo pale zitachanika tu. Suluhisho ni kutolipeleka ganda kwenye bawaba kabisa. Mgongo na bawaba vika kitambaa cha pamba, ganda libaki juu ya kadibodi. Kingo za juu na chini unaweza kulikunja kwa ndani baada ya kulinyunyizia maji kidogo. Ukingo wa mbele, ule wa kufungulia, ukate sawasawa na kadibodi na usugue kwa msasa laini. Gundi ipake kwenye kadibodi, usipake kwenye ganda.

*Uimara.* Jua halilisumbui sana kwa kuwa rangi yake tayari ni ya kitu kilichokauka. Adui yake ni msuguano, unaoinua nyuzi kidogokidogo. Nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa, au mkono mmoja wa vanishi ya maji, inatosha. Ganda ambalo halikukauka vizuri litaota kuvu chini ya vanishi, na hapo huna la kufanya.

*Linamfaa nani.* Anayeanza, mwalimu mwenye darasa kubwa, na mtu anayependa kuunda picha kwa vipande vya rangi mbalimbali. Kwa hilo la picha nina ushauri ambao hukuuomba: twiga na machweo yameshajaa kwenye kadi za watalii. Mistari ya ganda lenyewe, likipangwa jeupe kwa jeusi, inatosha.

Ukili

*Kupata na kuandaa.* Ukindu wa mkindu, au miyaa ya mkoma, huchanwa, hukaushwa, baadhi hutiwa rangi, kisha chane husukwa kuwa ukili, ule utepe mrefu ambao ukishonwa ubavu kwa ubavu ndio unaotoa mkeka. Unachohitaji ni utepe huo kabla haujashonwa. Msusi yeyote wa Pemba, Unguja au pwani ya bara atakuuzia kwa pima, na ukimwambia mapema atakuchagulia rangi. Usikate mkeka uliokwisha kushonwa: mishono itaachia, na msusi akikuona atasikitika kwa haki. Kabla ya kubandika, sugua rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikitoka kwenye kitambaa, itatoka na kwenye kurasa.

*Gundi na mkunjo.* Ukili haupendi kona. Ni mnene, na pale mkasi unapopita tu chane zinaanza kufumuka. Wengi huubandika juu ya jalada jinsi ulivyo na kuzungushia utepe pembeni, na baada ya muda utepe unabanduka, vichwa vya chane vinachomoza na kukwaruza vitabu vya jirani rafuni.

Njia inayokaa ni dirisha. Chukua kadibodi mbili kwa kila upande wa jalada: ya chini nzima, ya juu imekatwa dirisha katikati. Zibandike pamoja, zivike zote kitambaa, na kwenye dirisha kata kitambaa kwa alama ya msalaba ukikunjie ndani ya kingo. Kando, mbali na jalada, bandika ukili juu ya kitambaa chepesi cha pamba kwa gundi nzito, ulaze chini ya uzito usiku kucha. Ukishakauka pamoja na pamba yake, sasa ndipo unaukata kwa kisu kikali na rula ya chuma; chane hazina tena pa kwenda. Uingize dirishani uwe usawa mmoja na fremu. Ukipitisha kiganja juu ya jalada kisikwame popote. Kikikwama, kadibodi ya juu ni nyembamba mno kwa ukili huo.

Jalada hili linakuwa nene. Kwenye daftari la kurasa 40 linaonekana kama mlango wa ngome uliowekwa kwenye kibanda.

*Uimara.* Kitu kinachokaliwa na kukanyagwa miaka hakitashindwa na vidole vya msomaji. Vumbi linaingia kati ya chane, lakini brashi kavu inalitoa. Masika yakija, kianike kitabu kivulini penye upepo. Usikianike juani, maana rangi zitapauka na chane zitakakamaa. Vanishi usiitumie: inajaza mashimo ya msuko, inashika vumbi lisilotoka tena, na ukili unapoteza ule ulegevu wake.

*Unamfaa nani.* Mwenye albamu ya harusi, kitabu cha wageni cha hoteli au cha msikiti, kitabu cha mapishi cha familia. Kwa ufupi, kitabu kinene kinachokaa mezani na kushikwa na mikono mingi.

Lubugo, kitambaa cha gome la mutuba

*Kupata na kuandaa.* Hiki kinatengenezwa hasa Uganda, kusini, na upande wa Tanzania Wahaya wa Kagera nao walikivaa zamani. Gome la ndani la mutuba, mti wa jamii ya mikuyu, huvuliwa wakati wa mvua, na shina hufungwa majani ya mgomba ili lisiungue na jua hadi liote gome jipya. Mti mmoja huvunwa tena na tena. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, nzito kwanza kisha laini, hadi linapanuka kuwa kitambaa, na likianikwa juani linapata ile rangi ya udongo wa mfinyanzi. Ufundi huu UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha yake mwaka 2008. Kwako wewe mwenye jalada mkononi, maandalizi ni kidogo: kung'uta, kunyoosha kwa pasi isiyo kali, kukata. Gharama iko kwenye kukipata, hasa ukiwa mbali na Uganda.

*Gundi na mkunjo.* Katika vinne hivi, ni hiki peke yake kinachotii kama kitambaa. Kipande kimoja kinavika jalada zima, bawaba na mgongo vikiwemo, na kona zinakunjika bila ugomvi. Ila kinanyonya. Gundi iliyozimuliwa inapenya hadi juu na kuacha doa jeusi ambalo hutalitoa maisha. Kwa hiyo kwanza kitie karatasi nyembamba kwa nyuma ukitumia gundi ya uji iliyo nzito, acha kikauke, kisha ndipo ukibandike kwenye kadibodi kwa gundi nyeupe iliyopakwa kwa uchache. Usikivute kukinyoosha, kwa sababu kinatanuka upande mmoja kuliko mwingine na kitakurudia kikishakauka.

Utakuta matundu yaliyoshonewa kiraka na fundi wa Uganda. Wengine huyakwepa. Mimi ningekiweka kiraka hicho mbele, juu kulia, kionekane.

*Uimara.* Uso wake hutoa manyoya kwa kushikwashikwa, na kona ndizo hutangulia kulika, kwa hiyo zivike ngozi au turubai nyepesi. Chai ikimwagika doa litabaki. Nta inasaidia lakini inatia weusi kidogo. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka jalada tulivu, la kitu kimoja, na ambaye ameshavika majalada kadhaa ya kitambaa akajua mkono wake. Shajara, kitabu cha mashairi, kitabu cha ukoo. Lakini jiulize kinakwenda kwa nani. Buganda kitambaa hiki huvaliwa kwenye kutawazwa kwa Kabaka na sherehe nyingine za heshima, na pia ndicho kinachoviringishiwa maiti. Kwa mgeni ni kitu kizuri cha rangi ya udongo. Kwa mama wa Kiganda unayempelekea albamu ya mtoto mchanga, kinaweza kumgusa vingine. Muulize mtu wa kwao kabla hujakata.

Majani na maua yaliyobanwa

*Kupata na kuandaa.* Bure, na yapo kila ua. Bogenvilia inafaa sana kwa kuwa ile unayoiita petali tayari ina ukavu wa karatasi. Majani ya mti wa mkungu yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka yanavutia, na tawi dogo la mwarobaini lina umbo zuri. Asumini usijisumbue, hugeuka kahawia. Yabane kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, badilisha magazeti siku za mwanzo, na uvumilie wiki kadhaa.

*Gundi na mkunjo.* Mkunjo hapana. Jani kavu ni la kulala bapa, upande wa mbele tu, mbali na bawaba na mbali na kingo. Likibandikwa wazi litavunjika hata kwa ukucha. Lifunike kwa karatasi laini nyembamba iliyopakwa gundi ya uji kwa juu. Ikikauka inaangaza, na jani linaonekana chini yake kama liko nyuma ya pazia. Plastiki ya kujigandisha, ile ya madaftari ya shule, ni imara zaidi lakini inang'aa, na jani likiwa na unyevu hata kidogo litatota humo ndani na kutoa madoa.

*Uimara.* Hapa ndipo udhaifu ulipo. Mwanga unakula rangi: kijani kinakuwa cha zeituni kisha kahawia, na wekundu unapauka. Kwa hiyo chagua majani kwa umbo lake, maana umbo litabaki rangi ikishaondoka.

*Yanamfaa nani.* Watoto, vikundi vya shule, na yeyote anayetaka kitabu kibebe mahali. Ukili wa Pemba ni ukili wa Pemba yote, lakini jani la mwembe wa uwanja wa shule yenu halipatikani kwingine. Uwezo huo hakuna kati ya vile vitatu vilivyo nao.

Vifungo na vikorombwezo

Kamba ya katani na kishikizo cha kifuu kilichopigwa msasa vinakubaliana na vyote vinne. Mbegu zina mambo yake. Zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazopendwa kwa shanga, zina sumu kali ndani, na kuzitoboa kunaitoa nje. Zisikaribie kitabu cha mtoto. Gamba la ng'amba, aina ya kasa, usiliguse hata ukilikuta ufukweni, kwa sababu biashara yake ya kimataifa imekatazwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa hali yako

Kama hiki ni kitabu chako cha kwanza na huna hela ya kupoteza, anza na mgomba pamoja na mgongo wa kitambaa. Ukiharibu, maganda mengine yako nje.

Kama kitabu kitabebwa kila siku mkobani, kikifunguliwa kwenye daladala, lubugo lenye kona za ngozi ndilo linalovumilia mikunjo. Mgomba unafuata ikiwa umefuata ule mpango wa bawaba. Ukili utakulemea, na majani hayatamaliza mwezi.

Kama kitakaa mezani na kushikwa na wageni wengi, dirisha la ukili. Tumia gundi nyeupe kote, hasa ukiwa pwani, mende wakose sababu.

Kama unaishi penye unyevu na nyumba haina upepo wa kutosha, chochote utakachochagua kikaushe mara mbili ya unavyoona inatosha, na gundi ya uji iache. Kwa lubugo maana yake utatumia gundi nyeupe nzito hata kwa ile karatasi ya nyuma, na utapoteza nafasi ya kusogeza. Jipange kabla ya kulaza.

Kama ni zawadi ya kumbukumbu, ya kufunguliwa mara chache na kuhifadhiwa sandukuni, majani yaliyobanwa yanashinda kwa yale yanayoyasema, na gizani rangi zake zitadumu zaidi. Unaweza pia kuyachanganya: jani moja dirishani, katikati ya jalada la mgomba.

Kama unauza kwa watalii, mgomba na ukili ndio wepesi kueleza na kupanga bei. Muulize mnunuzi anarudi wapi kabla hujamfungia. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua kwa ukali vitu vya mimea, na mbegu zinaweza kuzuiwa uwanjani. Kwa safari hiyo mwekee kishikizo cha kifuu kilichosafishwa na kupigwa nta badala ya mbegu, na mwambie akitangaze kwa maofisa akishuka.